Dola Elfu Tano na Mabamvua Sita

Andiko langu la kwanza la kuomba ruzuku ya utafiti lilirudi na majibu ya mistari minne. Mitatu ilikuwa ya adabu. Wa nne ndio uliouma: "Swali lako hasa ni lipi?"

Nilikuwa nimeandika kurasa 14. Nilitaka kupima hali ya miamba yote ya visiwa vya Lamu, kutoka Shela mpaka Kiwayu, nihoji wavuvi 300, nifundishe shule 12, kisha niishauri serikali ya kaunti, yote hayo kwa miezi tisa na dola 5,000. Nikilisoma leo naona haya. Siku ile nililia, nikasema hawa watu hawaitakii Lamu mema. Ilinichukua mwezi mzima kukubali kwamba aliyeuliza alikuwa na haki ya kuuliza, maana hata mimi jibu sikuwa nalo.

Naandika kwa vijana wa Pwani wanaotumiana kwenye WhatsApp matangazo ya ruzuku ndogo za utafiti wa bahari na elimu ya jamii. Ruzuku hizo zipo kweli. WIOMSA, jumuiya ya wanasayansi wa bahari wa upande wetu huu wa Bahari ya Hindi, iliyoanzishwa 1993 na yenye ofisi Zanzibar, ina mpango wake wa ruzuku uitwao MARG kwa watafiti wa eneo letu. Wakfu wa Rufford wa Uingereza huwapa hata wanaoanza kazi ya uhifadhi. Mpango wa ruzuku ndogo wa GEF, mfuko wa mazingira wa dunia, unaopitia UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, tangu 1992, haumpi mtu binafsi. Huvipa vikundi na mashirika ya kiraia. Hilo la mwisho peke yake lingeniokolea miezi mitatu kama ningelisoma kabla sijajaza fomu kwa jina langu. Aliyenipa pesa hatimaye sitamtaja. Lawama zimo humu, na nyingi ni zangu.

Mimi ni mtu wa Amu, yaani mji wa Lamu, mtaa wa Langoni, lakini nyumba ya mamangu ni Kizingitini, kisiwa cha Pate. Nilisoma mambo ya mazingira chuoni, nikarudi, nikajiunga na kikundi cha vijana cha kupanda mikoko. Zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya iko Lamu, kwa hiyo kila mfadhili anayeshuka gatini ataka mikoko, na kila kijana ana picha yake ameshika mche. Mimi moyo wangu ulikuwa kwa pweza. Nyanya yangu alichokoa pweza mashimoni mwa mwamba mpaka magoti yakamkataa.

Andiko la pili lilikuwa na kurasa tano na swali moja: pweza wanaochokolewa na wanawake wa Kizingitini kwenye miamba miwili wanatofautiana vipi kwa idadi na ukubwa kati ya msimu wa upepo wa kaskazi na ule wa kusi? Basi. Kando yake, mafunzo kwa wanawake wenyewe na kwa shule mbili za msingi. Nililipeleka Oktoba 2023. Januari 2024 wakajibu kwamba tumepata, na wakataka bajeti ya mwisho iandikwe kwa shilingi.

Siku niliyoiandika, dola moja ilikuwa shilingi 160. Nikazidisha, nikaona laki nane, nikaona niko tayari. Asilimia 80 zingekuja kwanza, zilizobaki baada ya ripoti. Kwa hesabu yangu, awamu ya kwanza ilikuwa 640,000.

Kilichofuata wakumbuka mwenyewe kama ulikuwa Kenya. Februari shilingi ilianza kupata nguvu, watu wakashangilia, na mimi nilishangilia nao kama mjinga. Pesa zilipoingia wiki ya mwisho ya Machi, benki ilinunua dola kwa 129. Benki za katikati huko njiani nazo zilikuwa zimekata dola 45. Nikapata 510,195. Karibu laki moja na thelathini zilipotea na hakuna aliyeziiba. Tangu siku hiyo bajeti yoyote ya pesa za kigeni naiandika kwa bei iliyo chini ya ile ya siku hiyo, na naweka wazi kwamba nambari ya kweli ni ya dola, ya shilingi ni makadirio.

Kwa nini zilichelewa mpaka Machi? Benki. Mfadhili alilipa kikundi tu, hakulipa mtu, na akaunti ya kikundi chetu ilikuwa na watia sahihi watatu. Mmoja alikuwa ameolewa Mombasa. Mwingine alikuwa Saudia anafanya kazi. Kuwabadilisha kulitaka kumbukumbu za mkutano, barua kutoka ofisi ya maendeleo ya jamii, vyeti, picha, na wote wapya kufika kaunta siku moja. Kila mara ilikosekana karatasi moja, na karatasi hiyo haikutajwa mara iliyotangulia. Nenda kaulize leo, kabla hujaandika neno moja la andiko: nani anaweza kutia sahihi kwenye akaunti yenu, na yuko wapi?

Tuingie kwenye vibali, maana hapa nilizama zaidi. Nilidhani nikiwa mwenyeji sihitaji ruhusa ya kutembea mwambani kwetu. Ukiwa wakusanya takwimu za utafiti, leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, ni lazima hata uwe umezaliwa juu ya huo mwamba. Na ukiwa utahoji watu, utatakiwa kwanza barua ya kamati ya maadili ya utafiti, na kamati hiyo huwa na siku zake za kukaa na ada zake. Leseni ikitoka, waipeleka kwa kamishna wa kaunti, kwa mkurugenzi wa elimu, kwa ofisi ya uvuvi, kisha ndipo waenda kwa BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufuo, ya bandari husika. Kwa hali ya usalama ya Lamu, usiruke hata mlango mmoja. Boti ngeni yenye watu wanaopiga picha baharini huulizwa maswali, na ni haki iulizwe. Isitoshe, kwenye ramani nilikuwa nimeweka kituo kimoja upande wa Kiwayu, na Kiwayu imo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Kiunga, iliyotengwa 1979. Hapo ni kibali kingine tena, cha KWS, shirika la wanyamapori. Kituo hicho nilikifuta kwa penseli nikiwa kwenye benchi la ofisi.

Katika bajeti yangu, vibali vilikuwa na shilingi ngapi? Sufuri. Safari za kuvifuatilia, sufuri. Na muda nilioutengea kazi hiyo ulikuwa wiki mbili. Leseni ilitoka Mei.

Sasa tazama kalenda. Nilikuwa nimepanga mabamvua matatu, yaani zile siku maji hupwa sana mwamba ukakauka, ya kaskazi, Januari hadi Machi, bahari ikiwa shwari na maji yakiwa safi, kisha matatu ya kusi. Pesa zimeingia ndani ya Ramadhani. Idi ikawa tarehe 10 Aprili. Mvua za masika zikaanguka kwa fujo mwaka ule, mafuriko yakafanya shule za nchi nzima zichelewe kufunguliwa muhula wa pili mpaka tarehe 13 Mei. Leseni nayo Mei. Kaskazi ilikwisha zamani, na mimi sijapima pweza hata mmoja.

Nilifanya kosa la kunyamaza. Kila mfadhili alipoandika kuuliza mambo yaendaje, nilijibu kwamba maandalizi yaendelea vizuri. Nilikuwa siwezi kulala. Nilidhani nikisema ukweli watadai pesa zao, na laki nzima nilikuwa nimeshailipa kwa mwenye boti na kwa vifaa. Juni nikachoka, nikaandika aya tatu: yaliyotokea, tulipofika, na ombi la kuongezewa muda hadi Februari 2025 bila kuongezewa pesa. Jibu lilikuja siku ya pili. Walikubali, na wakaniuliza kwa upole kwa nini sikuwaambia tangu Aprili.

Kabla ya hapo, mwezi Mei, nilikwenda Kizingitini kuwaeleza wanawake mradi. Ndiyo, umesoma sawa. Andiko limeshaandikwa, limeshakubaliwa, pesa ziko benki, ndipo naenda kuwaambia. Nilijiona mwenyeji, na mwenyeji hajitambulishi kwao.

Tulikaa barazani baada ya alasiri. Nilikuwa na karatasi zangu za Kiswahili cha chuo, nikasema "mfumo ikolojia wa miamba", nikaona macho yananitazama tu. Bi Mkubwa mmoja, shoga wa nyanya yangu, akaninyamazisha kwa mkono. Aliuliza mimi nitafanya nini huko mwambani. Nikasema kuhesabu na kupima pweza. Sisi je? Nyinyi mtanisaidia, mtakuwa wanajitolea. Akageuka kwa wenzake, akarudi kwangu.

"Kwa hivyo mwanangu wewe walipwa kwa kuhesabu pweza, na sisi tukuhesabie bure?"

Hawakucheka, na ingekuwa afadhali wangecheka. Bamvua huja mara mbili kwa mwezi, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, na kila mara ni siku chache tu ambazo mwamba hukauka vizuri. Siku hizo ndizo mwanamke wa pweza hutafutia unga na ada ya shule. Mimi nilikuwa nikimwomba siku hizo aache chuma chake cha kuchokolea, ashike penseli yangu. Na kwenye bajeti hiyohiyo nilikuwa na fulana 60 zenye nembo na bango kubwa la plastiki, shilingi 71,000 jumla.

Suluhisho halikuwa langu. Bi Mkubwa alisema wao watachokoa kama kawaida, pweza wao wabaki wao; wakitoka mwambani, kabla ya kumpelekea dalali, tupime kila pweza pale ufuoni. Kinachopotea ni muda: dalali husubiri na barafu yake, na akisubirishwa hushusha bei. Basi nilipe kuchelewa huko. Tukakubaliana shilingi 500 kwa kila mmoja kwa siku, wanawake sita, siku tatu kila bamvua, mabamvua sita. Ni 54,000. Fulana na bango vikafa hapohapo. Mfadhili nilimwandikia kuomba kuhamisha fungu, akaruhusu. Kimoyomoyo nilijiuliza: je, ningekuwa nimewauliza Septemba 2023, andiko lingekuwa na ukubwa gani? Nadhani nusu, na lingekuwa bora mara mbili.

Kazi yenyewe ilianza Juni, kusi ikivuma. Huku kwetu, siku za bamvua maji hupwa kabisa kama saa nne au saa tano asubuhi. Mwanzoni niliandika kwenye ratiba "saa 2:00 asubuhi, kuondoka Lamu". Ratiba hiyo ilimfurahisha sana nahodha. Ukitoka saa hizo siku ya bamvua, Mkanda, ule mkondo mwembamba tunaopitia, unaupata matope, na wakaa hapo na injini yako imeinuliwa ukitazama ndege. Tukawa tunakwenda jana yake, tunalala Kizingitini. Yaani malazi na chakula ambavyo havikuwa kwenye bajeti. Petroli bara ilikuwa karibu shilingi 200 kwa lita, visiwani kwa dumu ni zaidi, na kusi hunywa mafuta kuliko kaskazi, kwa sababu boti yapanda mawimbi. Siku mbili za Julai hatukuweza kutoka kabisa. Weka siku za ziada. Bahari itazichukua tu.

Kwa vifaa, nilivyotumia mpaka mwisho ni utepe wa mita 50, mizani ya kuning'iniza, vibao vya plastiki vya kuandikia kwa penseli, na viatu vya mpira vyenye soli ngumu. Kamera ya majini ya shilingi 45,000 iliingiwa na maji siku ya pili. Sikuwahi kuihitaji.

Risiti. Kaa hapa kidogo nami, kwa sababu hizi ndizo zilinitoa pesa mfukoni. Nahodha hatoi risiti. Mama wa chakula hatoi risiti. Mimi nilikuwa nikiandika kwenye daftari: "boti 9,600", basi. Mwishoni mwa mwaka, mhasibu wa mfadhili alikataa malipo manne ya boti, 38,400 kwa jumla, kwa kuwa hayakuwa na sahihi wala nambari ya kitambulisho. Walizikata kwenye ile asilimia 20 ya mwisho. Sikuweza kubisha, masharti nilikuwa nimetia sahihi mwenyewe. Kwa shilingi 150 ungenunua kitabu cha vocha za malipo mjini, uandike jina, kazi, tarehe, kiasi, nambari ya kitambulisho, atie sahihi au dole gumba. Ukiweza, lipa kwa M-Pesa hata kama mmesimama mnatazamana, halafu hifadhi ile taarifa. Piga picha kila vocha jioni hiyohiyo, kwa sababu karatasi na maji ya chumvi havikai nyumba moja.

Na hiyo asilimia 20 kumbuka ni ya baada ya kazi. Mwezi wa mwisho unaufanya kwa pesa zako. Mimi nilikopa 60,000 kwa kakangu. Zilinichukua miezi minne kurudisha, na kwenye harusi ya binamu yetu alihakikisha kila mtu amejua.

Shuleni mambo yalikwenda vizuri, na sina mengi ya kusema. Watoto wa Kizingitini wamjua pweza kuliko kitabu changu. Walichokuwa hawakijui ni kwamba jike hutaga mara moja, huyalinda mayai bila kula, na yakianguliwa naye hufa. Mvulana mmoja aliuliza kama basi ukimchokoa yule aliye juu ya mayai umechokoa na watoto wote. Nikasema ndiyo. Darasa likanyamaza, kisha wakaanza kubishana nani mamake huchokoa wapi.

Mabamvua ya kaskazi tuliyafanya Januari na Februari 2025, kabla ya Ramadhani. Nikaandika ripoti ya kurasa 40 kwa Kiingereza, nikaituma, nikalala siku mbili. Nilikuwa nimeona kwamba kaskazi ile pweza wa mwamba wa nje walikuwa wadogo kuliko wa mwamba wa ndani, na nikaeleza sababu kwa ujasiri: joto. Machi na Aprili 2024 maji yalichemka na matumbawe yakapauka, na si kwetu tu. Aprili hiyo wanasayansi wa NOAA, shirika la Marekani la bahari na hali ya hewa, walitangaza upaukaji wa nne wa dunia nzima. Ilipendeza, ilikuwa na ushahidi wa kimataifa, na ilikuwa habari kubwa.

Wiki tatu baadaye mwenyekiti wa BMU alinipigia. Akauliza, "Binti yetu, hesabu ya pweza wetu iko wapi?" Sikuwa nimewapelekea kitu. Kwenye andiko, kurudisha matokeo kulikuwa na sentensi moja na hakukuwa na nauli.

Nikaenda kwa pesa zangu, na safari hii bila karatasi. Nilichora miamba miwili kwa mkaa kwenye ubao, nikaweka vijiwe vikubwa na vidogo. Wanawake walivitazama vile vijiwe vya mwamba wa nje. Yule mdogo wao, aliyekuwa hasemi kabisa siku zote 18, akasema kaskazi bahari ikilala, wazamiaji huja na boti na miwani, humaliza wakubwa kwenye ukingo wa kina, wale ambao wangepanda juu. Sisi twapata waliobaki. Wote wakaitikia, kana kwamba ni jambo ambalo hata mtoto ajua.

Huenda joto nalo lilichangia. Takwimu zangu haziwezi kuyatenganisha hayo mawili, kwa sababu sikuwahi kuwahesabu wazamiaji wala kumhoji hata mmoja. Nilimwandikia mfadhili kurasa mbili za marekebisho. Kuziandika kuliniuma kuliko lile jibu la mistari minne. Hawakulalamika. Waliziweka mbele ya ripoti.

Kikao kile ndicho kilichozaa daftari. Wanawake waliamua kuendelea kupima wenyewe, kwa mizani ileile, bila mimi na bila shilingi 500, na kuongeza safu ya boti za wazamiaji: ngapi, siku gani, upande gani. Wataka kuipeleka kwenye mkutano wa BMU watakapozungumzia kufunga sehemu ya mwamba kwa miezi kadhaa, jinsi wengine hapa Pate wamewahi kufanya. Sijui kama watakubaliwa. Wazamiaji nao wana watoto.

Juzi nilipokea sauti kutoka kwa Bi Mkubwa, dakika nne, dakika tatu zikiwa za salamu na habari za wagonjwa. Mwishoni akasema utepe umeshika kutu, mita ya saba haisomeki, nilete mwingine kabla ya mwezi kuandama. Nimeununua. Nahodha amesema tutoke alfajiri ya Alhamisi, Mkanda ungali una maji.